Sura ya Tisa: Likoni Kweupe

Mbuzi za Abdulaziz zilikuwa kumi na mbili, zimepangwa kwenye ukuta wa karakana yake pale Mjambere, Kisauni, na hata moja haikuwa na kamasi. Haikuwa na pua ya kutolea kamasi. Zilikuwa mbuzi za kukunia nazi, za mti wa mwembe, kila moja na ulimi wake wa chuma wenye meno.

Inspekta Kache Nyale aliitazama simu yake, akazitazama mbuzi, akaitazama simu tena. Kwenye ramani, mahali hasa alipokuwa amesimama, palikuwa na doa jekundu. Doa jekundu maana yake mbuzi wamekufa.

"Mzee Abdulaziz, ulimwambia nini mtu wa mradi?"

"Tulikuwa barazani msikitini, hakufika hapa. Akaniuliza, mzee una mbuzi? Nikamwambia ninazo kumi na mbili. Akauliza, zote nzima? Nikamwambia mbili zimekufa makali, bado sijazinoa." Seremala alijikuna kidevu. "Akanipa pole. Nikasema moyoni, watu wa bara siku hizi wana adabu."

Siku nyingine Kache angecheka mpaka ashike ukuta. Leo alirudi kwenye gari, akaubamiza mlango, akampigia Velma.

Velma ndiye aliyeichora ramani. Alikuwa mtaalamu wa takwimu wa Mradi wa Mfugo Salama, mtu wa Kakamega, na ofisi yake ilikuwa Changamwe juu ya duka la vipuri. Mawakala wa mradi walikuwa wamezunguka Likoni, Kisauni na Changamwe na simu mikononi, wakiuliza kila mwenye mifugo maswali yale yale, na kompyuta ya Velma ikayageuza majibu kuwa rangi. Nyekundu penye vifo vingi, njano penye vichache, nyeupe pasipo na kifo.

"Lile doa la kwa Abdulaziz lifute," Kache alisema.

"Mbona? Mbuzi wamepona?"

"Ni za kukunia nazi."

"Aki pole, Afande. Sikujua kuna mbuzi za aina hiyo."

"Na zile nyingine nyekundu una hakika nazo?"

"Nina hakika na za Kahindi. Hizo zimethibitishwa maabara."

Hapo ndipo kesi yote ilipokuwa imeegemea, kwa Kahindi Changawa, mfanyabiashara wa mbuzi, mwenye boma kubwa kuliko yote Mjambere. Sotoka ya mbuzi ilikuwa imeingia mjini. Mbuzi hutoka machozi na kamasi, kinywa kikafanya vidonda, akakohoa, akaharisha, akafa. Haimdhuru binadamu, lakini ikiingia kwenye zizi hulimaliza. Tangu Jumanne Kisauni nzima ilikuwa chini ya karantini, mbuzi asiingie wala asitoke, na Kahindi alikuwa ndani ya seli kwa kosa la kuingiza mifugo wagonjwa bila kibali. Ofisi ya mifugo ilikuwa imetoa amri: kesho saa tatu asubuhi mbuzi wake wote waliobaki wauawe na kuzikwa.

Kazi ya Kache ilikuwa ndogo kwenye karatasi. Ayapitie madoa mekundu, athibitishe, afunge jalada. Asubuhi nzima alikuwa ameyapitia, na kila alipokwenda alikuta kitu kisichokaa sawa. Hakuwa na ugomvi na ramani. Ugomvi wake ulikuwa na wakubwa walioiona mara moja ukutani, wakapenda rangi zake, wakaacha kuuliza maswali.

* * *

Kahindi aliletwa chumba cha mahojiano akiwa peku. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, na sauti ya mtu asiyependa kusumbua.

"Hujambo, mzee."

"Sijambo, Afande. Mbuzi wamepewa maji leo?"

"Mkeo yuko nao. Nataka unieleze tena, polepole. Mbuzi wako ulinunua wapi?"

"Mnada wa Mariakani. Vibali vyote mnavyo."

"Wote wana vibali?"

Kahindi alitazama mikono yake. Kache alikuwa amewahoji watu wengi, akajua kwamba jibu lilikuwa linakuja, na kwamba mwenzake aliyemhoji Jumanne hakulingoja.

"Wote ila mmoja," Kahindi alisema. "Jike mwenye madoadoa. Nilimnunua Likoni, Mtongwe, kwa bibi mmoja aitwaye Mwanarehema, nyuma ya msikiti mdogo. Nikavuka naye feri. Mbuzi mmoja wa kutoka mji huu huu naye huandikiwa kibali?"

"Huandikiwa."

"Basi hapo nina kosa. Nifungeni kwa huyo mmoja. Hao wengine niachieni."

"Huyo wa madoadoa yuko wapi?"

"Ndiye aliyekufa kwanza. Nikamzika. Wakafuata wenzake, nikazika mmoja mmoja. Alipokuja mtu wa simu nikamhesabia wote, sikumficha hata mmoja." Aliinua macho. "Afande, hao mbuzi ndio sisi. Hatuna shamba, hatuna kazi nyingine. Mkiwaua, mimi na mke wangu Dhahabu tutabaki kutazamana."

Kache alitoka na jina moja mkononi, akapanda ngazi kwenda kwa mkuu wake. Bwana Suleiman alikuwa ameibandika ramani nyuma ya kiti chake, kubwa, ya kumeremeta.

"Kahindi anasema ugonjwa aliuchukua Mtongwe," Kache alisema.

Suleiman hakugeuka. Aliinyoosha kalamu yake nyuma ya bega, ikagota upande wa kusini wa maji. "Likoni kweupe. Nyumba zote zimeulizwa. Hakuna mbuzi aliyekufa."

"Ndiyo maana nataka kwenda kuona."

"Kuona nini? Weupe?" Aliiweka kalamu chini. "Inspekta, wewe na Kahindi kwenu ni wapi?"

"Kisauni, afande. Wote wawili."

"Unajua ninachouliza."

Alikijua. Wagiriama wawili, mmoja ndani ya seli, mwingine na beji. Kache alihisi shingo ikipata moto. Alitaka kumwambia kwamba angekuwa anapendelea watu wa kwao, basi angeanza na mjomba wake aliyelala rumande mwaka juzi kwa baiskeli isiyokuwa yake.

"Kesho saa tatu gari la ofisi ya mifugo litakuwa Mjambere," Suleiman alisema. "Ukiniletea kitu kabla ya hapo, nitakisoma. Ukiniletea huruma, usijisumbue."

* * *

Mtongwe walimpokea vizuri mno, na hilo ndilo lililomkera. Kila mlango aliopiga hodi ulifunguliwa, kila nyumba ilimpa kiti, na kila mtu alisema jambo lile lile.

"Hapa hajafa mbuzi, mwanangu. Alhamdulillahi."

"Tumesikia huko Kisauni. Sisi Mungu ametuhifadhi."

"Wallahi hata mmoja."

Hakuona jicho linalokwepa. Hakusikia sauti inayopanda mwishoni, ile ya mtu anayepima kama uongo wake umepita. Baada ya nyumba nne alianza kufikiri kwamba Suleiman alikuwa na haki ya kumdharau, na kwamba Kahindi alikuwa amemwuzia hadithi. Alikaa kwenye kizingiti cha nyumba ya nne akimwaga mchanga kutoka kiatuni, mwenye hasira na nafsi yake, na ndipo macho yake yakaenda kwenye banda la mbuzi la nyumba hiyo.

Lilikuwa tupu. Banda kubwa, kamba nne zimefungwa kwenye miti, hori lina majani yaliyokauka. Alirudi nyumba ya tatu. Tupu. Nyumba ya pili, mbuzi mmoja mahali pa wengi. Alikuwa amepita mbele ya mabanda hayo yote akiuliza habari za waliokufa, wala hakujiuliza wazima wako wapi.

Kisha kulikuwa na vyungu. Nyumba ya pili walimkaribisha wali na mchuzi wa nyama. Nyumba ya tatu, nyama. Ya nne, mama alikuwa akigombana na mwanawe aliyekataa chakula kwa kuwa alikuwa amechoka na nyama, na Kache alikumbuka alivyoshangaa, maana hajawahi kumsikia mtoto wa Kipwani akilalamika kwamba nyama imezidi. Siku ya kazi, mtaa wa wavuvi, na hakuna aliyepika samaki.

Mbuzi wamekwisha mabandani na kila chungu kina mbuzi. Watu hawa ama walikuwa na sherehe ambayo hakuna aliyeitaja, au walikuwa wanamchezea shere. Kwa namna alivyokuwa amechoka, aliamini la pili.

Bibi Mwanarehema alikuwa nyuma ya msikiti mdogo kama Kahindi alivyosema, mwanamke mwembamba mwenye leso mbili na miwani iliyoshikizwa kwa uzi. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa kitako. Ndiwe yule askari wanaomsema?"

"Ndiye mimi."

"Hapa hajafa mbuzi."

"Nimeambiwa." Kache alikaa. "Ulikuwa nao wangapi?"

"Wanane, bila kumhesabu mmoja niliyemuuza."

"Sasa wako wangapi?"

"Mmoja. Yule pale."

Mbuzi aliyebaki alikuwa amelala chini ya ukuta, kichwa kimelegea, nzi puani. Kache alimtazama akarudi kwa bibi.

"Saba wako wapi?"

"Wamechinjwa."

"Wote?"

"Wote."

"Mlikuwa na harusi?"

"La."

"Hitima?"

"Mungu atuepushe."

"Bibi, nyumba nzima ina watu watatu. Kwa nini mkachinja mbuzi saba mfululizo?"

Mwanarehema aliuweka ungo chini. Alimtazama Kache kama anayemtazama mtu mzima aliyeuliza moto huchoma kwa nini.

"Mwanangu, ningewaacha wafe?"

Kache alimgeukia tena yule mbuzi chini ya ukuta.

"Walikuwa wagonjwa," alisema.

"Wagonjwa sana. Lakini hakufa hata mmoja, wote tuliwawahi. Akifa mwenyewe si huwa ni kibudu? Haliwi, haramu, ni kuzikwa tu. Sasa ukimuona amelala, macho yamegeuka, wamwita mwenye kisu mbio. Wamlaza kibla, bismillahi, wawahi roho haijatoka. Mtaa mzima tumefanya hivyo hivyo."

"Na mtu wa mradi alipokuja na simu yake?"

"Aliniuliza, wangapi wamekufa? Nikamwambia hakuna. Akaniuliza, wangapi wagonjwa sasa? Siku ile nilikuwa na huyu mmoja tu, na alikuwa mzima. Wallahi sikumdanganya."

Hakumdanganya. Hakuna aliyemdanganya mtu yeyote, na hilo ndilo lililomfanya Kache atamani kupiga kitu. Mtaa mzima ulikuwa umefyekwa na sotoka na kila mtu amesema kweli, na kweli zao zote zikawa rangi nyeupe. Ng'ambo ya pili Kahindi alingoja mbuzi wake wafe, akawazika, akasema wamekufa, na kweli yake ikampeleka seli.

"Jike mwenye madoadoa," alisema. "Ulimuuzia mtu wa Kisauni."

"Eh. Mtu mpole. Hakubishana."

"Siku hiyo ulikuwa umeshachinja wangapi?"

Mwanarehema aliuchukua tena ungo. Kwa mara ya kwanza mchana ule Kache aliona jicho linalokwepa.

"Watatu."

"Na yeye alikuwa akikohoa?"

"Kidogo. Nilidhani vumbi."

"Ulidhani vumbi, na watatu umeshawawahi?"

"Nilidhani akibadilisha mahali atapona," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Mtu hutaka kudhani hivyo."

Kache alisimama. Alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa makali, na hakuna hata moja ambalo lingemsaidia Kahindi. Alimwambia tu bibi asimchinje yule aliyebaki mpaka daktari aje, na kwamba atahitajika kuandika maelezo.

"Na akinifia?" Mwanarehema aliuliza.

"Safari hii mwache afe."

* * *

Alimpigia Velma akiwa amesimama katikati ya njia, bodaboda zikimpigia honi.

"Kwenye maswali yenu, kuna mahali mnauliza waliochinjwa?"

"Iko. Swali la tisa, waliochinjwa kwa matumizi ya nyumbani. Na tarehe."

"Mbona sijawahi kuliona kwenye ramani?"

"Hiyo iko upande wa lishe, Afande. Ni chakula, si ugonjwa. Hatuichori."

Kache alifumba macho. Kumbe walikuwa nayo. Tangu mwanzo walikuwa nayo, imekaa ndani ya kompyuta Changamwe, upande wa lishe.

"Ichore," alisema.

"Lakini watu huchinja tu, hata bila ugonjwa. Itanipa makelele, namba zisizo na maana."

"Linganisha na miezi iliyopita."

Alisikia vidole vikigonga. Velma alipoongea tena sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mwezi wa kawaida Mtongwe nyumba moja inachinja mbuzi mmoja, ama hakuna. Mwezi huu... Imekuwa nyekundu yote, Afande. Yote. Na tarehe zinaanza Mtongwe, kabla ya zile za Kahindi. Nimezipaka mbuzi za nazi nyekundu, na hii ya Mtongwe nikaipaka nyeupe."

"Utajilaumu baadaye. Nahitaji karatasi."

Karatasi peke yake haingetosha, Suleiman angetaka kipimo. Daktari wa mifugo wa Likoni alipatikana alasiri, akaja Mtongwe kwa pikipiki, akamsugua yule mbuzi mgonjwa kwa kijiti cha pamba puani na kukitia kwenye kipimo. Ikatoka mistari miwili. Sotoka.

Kisha ukaanza mwendo wa kuzungushwa. Ofisi ya mifugo walisema aliyetia saini amri ya kuua mbuzi ndiye pekee awezaye kuitengua, na yuko mkutanoni. Mkutano ulikwisha, simu yake ikawa imezimwa. Mtu wa zamu alishauri waandike barua pepe. Kache aliandika, akaandika tena, na kila mara akajibiwa na mashine iliyomshukuru kwa kuwasiliana nao. Alilala na nguo zake.

Asubuhi aliiweka ramani mpya mezani kwa Suleiman, na kipimo, na maelezo ya nyumba tano. Mkuu wake alianza kusoma. Alipofika kwenye maelezo ya Mwanarehema aliyasoma mara mbili, kisha akavua miwani.

"Hata nyumbani kwetu tungewahi," alisema. "Marehemu baba alikuwa akilala na kisu mbuzi akiugua." Alifuta miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Nimekaa na weupe huu nyuma ya kichwa changu tangu Jumanne."

Kache hakumsaidia. Bado alikuwa na lile swali la jana la kwao ni wapi, akamsogezea simu.

Suleiman alipiga simu mwenyewe, akamtafuta mwenye saini mpaka nyumbani kwake, akaongea naye kwa sauti ambayo Kache hakuwahi kuisikia. Alipokata, alimwambia: "Amekubali. Barua inakuja. Nenda Mjambere ukawasimamishe, usingoje. Na Kahindi namtoa leo."

* * *

Gari la ofisi ya mifugo lilikuwa limeshafika. Watu wanne wenye ovaroli nyeupe na glavu walikuwa wamesimama mbele ya boma la Kahindi, na Kache aliruka nje kabla dereva hajasimama vizuri.

"Msiguse mbuzi hata mmoja. Amri imetenguliwa."

Mkubwa wao alimtazama, akamtazama mwenzake, akasogea pembeni ili Kache aone.

Lango la boma lilikuwa wazi. Ndani hamkuwa na kitu. Samadi ilikuwa bado mbichi, na ndoo ya maji ilikuwa imelala ubavu.

Dhahabu, mke wa Kahindi, alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, leso imefungwa kiunoni barabara, kama mwanamke aliyejiandaa kwa safari au kwa ugomvi. Yeye na Kache walikuwa wameonana mara moja tu, siku Kahindi alipochukuliwa.

"Mama, mbuzi wako wapi?"

"Wameondoka."

"Wameondoka kwenda wapi?"

"Miritini. Kwa ndugu yangu. Jana alasiri nilikodi lori dogo la kenta, wakapita njia za ndani." Alisema bila kujificha, na pia bila kuomba. "Mlisema mtawaua."

"Wote?"

"Wote."

"Waliokuwa wakikohoa nao?"

"Wawili walikuwa wakikohoa. Ningechagua yupi wa kumwacha?"

Kache alihesabu saa. Jana alasiri. Jana alasiri alikuwa Mtongwe akimngojea daktari wa pikipiki. "Ndugu yako bado anao?"

"Anakaa karibu na pale malori yanapolala. Madereva wamewaona, wameuliza bei. Ameniambia watatu wameshachukuliwa, wamepelekwa juu, njia ya Nairobi."

Mmoja wa watu wa ovaroli alipuliza pumzi kwa mdomo. Kache alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa na watu wengi wa kuwaendea, na huyu mwanamke alikuwa wa mwisho kwenye foleni.

"Mama Dhahabu, mimi nilikuwa Likoni kwa ajili ya hawa mbuzi. Ugonjwa umetoka Likoni, haukutoka kwenu. Nina kipimo, nina ramani. Amri imefutwa asubuhi hii. Hakuna mbuzi ambaye angeuawa."

Dhahabu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nani alijua?" aliuliza.

"Nini?"

"Kwamba uko Likoni. Nani alikuja hapa akaniambia? Mimi nilijua saa tatu tu. Saa tatu ndiyo mliyonipa."

Jana Kache alikuwa Mjambere hii hii, mitaa miwili tu kutoka hapa, akihesabu mbuzi za kukunia nazi. Hakupita.

Simu ilitetemeka. Velma alikuwa na furaha, alisikika kama mtu aliyeruka kutoka kitini. "Afande, barua imetoka. Wamekubali Likoni ndiyo chanzo, chanjo zote zinaanzia Mtongwe. Kahindi anaandikiwa kutoka. Tumeshinda, Afande. Hallo?"

"Chanjo mnazo za kutosha?"

"Za Likoni tu. Kwani?"

"Weka doa Miritini."

"Miritini ni kweupe. Nani amefiwa Miritini?"

"Bado hakuna. Weka. Na lingine kila mahali malori yanaposimama mpaka Mariakani, halafu nitakupigia." Alikata kabla Velma hajauliza rangi.

Kuhamisha mbuzi wagonjwa bila kibali, tena ndani ya karantini, lilikuwa ndilo kosa lenyewe. Ndilo walilomfungia Kahindi, ambaye aliingiza mmoja kabla karantini haijatangazwa. Mke wake alikuwa ametoa boma zima, mchana, mbele ya majirani, na amelikiri mbele ya watu wanne wa serikali. Kache aliwatazama wale wanne. Walikuwa wamevua glavu, na mmoja wao alikuwa anapiga picha boma lililo tupu.

"Utatuonyesha nyumba ya nduguyo," alimwambia Dhahabu. "Tukitoka huko tutapita kituoni. Utaandika maelezo. Sijui kama utarudi leo."

"Na yeye? Kahindi?"

"Yeye anatoka leo."

"Wallahi?"

"Anatoka. Hana kesi ya ugonjwa tena."

Dhahabu aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. Aliinuka, akafunga mlango wa nyumba, akajaribu kitasa mara mbili. Kisha akageuka na ufunguo mkononi.

"Huu nimpe nani?"

Kache alitafuta jirani kwa macho. Majirani walikuwa wamesimama mbali, na kila aliyemtazama alipata kazi ya kufanya.

"Ubebe," alisema. "Utampa mwenyewe. Mtapishana pale kituoni."

Dhahabu aliufunga ufunguo kwenye pindo la leso, akaenda kwenye gari, akasimama akingoja aambiwe akae mbele au nyuma.